Chujio 'linalojisafisha' la mashine ya nguo bado lahitaji mkono wa mwenye nyumba

MKAZI wa Mahoo anayefua nguo asubuhi ya Januari hahitaji mashine ya kuzikausha. Jua la Taveta, upande huu wa Mlima Kilimanjaro, hukausha hata suruali nzito ya jinzi kabla ya adhuhuri, na gharama yake ni kamba na vibanio tu.

Mambo hubadilika masika yanapoanza mwezi Machi. Nguo za watoto hukaa kambani siku mbili au tatu na kuanza kunuka uvundo. Wapo wanaozianika kwenye nyasi au ua, jambo ambalo huleta balaa jingine, kwa kuwa kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na buu lake huingia katika ngozi ya mvaaji. Ndiyo maana wazee husisitiza kila nguo ipigwe pasi, hata ile ya ndani.

Ni katika majira hayo ambapo mashine ya kukaushia nguo huonekana kuwa kitu cha maana. Inapatikana katika maduka makubwa ya Mombasa na Nairobi, na nyingine huingia nchini zikiwa tayari zimetumika ng'ambo. Baadhi ya mashine mpya hunadiwa kwa sifa moja inayomvutia sana mnunuzi: kwamba zinajisafisha zenyewe. Sifa hiyo inahitaji kuelezwa, kwa sababu kinachosafishwa ni uchafu unaoweza kuchoma nyumba.

Kila nguo inapovaliwa, kufuliwa na kukaushwa, hupoteza nyuzinyuzi. Pamba hupoteza nyingi, na taulo ndizo zinazoongoza. Aliyewahi kufika katika mashamba ya mkonge ya Mwatate ataelewa upesi. Huko singa huanikwa juani juu ya waya, kisha hupigwa brashi, na vipande vifupi hupeperuka na kutanda kila mahali kama vumbi. Ndani ya mashine ya kukaushia nguo hutokea jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Pipa huzunguka, nguo hugongana, na hewa ya moto hupita kati yake ikibeba unyevu pamoja na nyuzi zilizokatika.

Chujio huwekwa katika njia ya hewa hiyo ili kuzinasa. Ni wavu wenye matundu madogo mno, na baada ya mzunguko mmoja tu huwa umefunikwa na utando mzito mithili ya blanketi. Usipoondolewa, hewa hukosa njia. Nguo huchelewa kukauka, umeme huliwa bure, na joto lililopaswa kutoka hubaki ndani. Hata chujio likiwa safi, nyuzi zilizo fupi zaidi hupenya na kujikusanya nyuma ya pipa, kwenye bomba la kutolea hewa, au karibu na koili inayopasha joto. Hapo ndipo pa hatari, maana nyuzi kavu za pamba hushika moto upesi sana.

Nchini Marekani, ambako mashine hizi zimo katika nyumba nyingi, serikali ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 wazima moto waliitwa kila mwaka kwa mioto ipatayo 2,900 iliyoanzia katika mashine za kukaushia nguo majumbani. Kila mwaka watu 5 walifariki, 100 walijeruhiwa, na mali ya dola milioni 35 iliteketea. Chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 34, kilikuwa kutosafisha mashine.

Hata hivyo, kisa cha Uingereza kinaonyesha kwamba si kila mara mwenye nyumba ndiye mwenye makosa. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba aina kadhaa za mashine zake, zilizouzwa kwa majina kama vile Hotpoint, Indesit na Creda, zilikuwa na kasoro. Nyuzi za ziada ziliweza kugusa koili ya joto na kuwaka. Mashine hizo zilikuwa zimeundwa kuanzia Aprili 2004 hadi Septemba 2015.

Wateja waliambiwa wangoje fundi, na kwamba wangeweza kuendelea kuzitumia mradi wawepo nyumbani. Agosti 19, 2016 moto ulizuka katika jumba la ghorofa la Shepherd's Court, magharibi mwa London, na wazima moto wakabaini kuwa ulianzia katika mashine ya Indesit. Hakuna aliyefariki, lakini familia nyingi zililazimika kuhama. Mwaka uliofuata ushauri ulibadilishwa, wateja wakatakiwa kuchomoa waya mara moja. Mwaka 2019 ndipo kampuni ilipoagizwa kurejesha mashine zilizokuwa bado hazijarekebishwa, ambazo zilikadiriwa kufikia 500,000.

Anayenunua mashine iliyotumika Uingereza, awe Voi, Taveta au Mombasa, afadhali asome kibandiko chenye namba ya aina yake na kuilinganisha na orodha ya kampuni kabla ya kutoa pesa. Kusugua chujio peke yake kusingeiondoa kasoro hiyo.

Je, mashine inajisafishaje? Jibu linategemea aina yake. Zile za zamani huvuta hewa, huipasha joto kwa koili na kuitupa nje kupitia bomba. Zile mpya zinazotumia pampu ya joto hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa. Hewa haitupwi nje, bali huzungushwa: hupita kwenye mabomba baridi ambako unyevu wake hugeuka maji, kisha kwenye mabomba ya moto, na kurudi kwa nguo. Kwa mzigo mzima wa kilo 8, mashine ya koili isiyo na pampu hiyo yaweza kula yuniti 4 au zaidi za umeme, ilhali ya pampu ya joto hula takriban nusu yake. Kwa mwenye kununua tokeni, tofauti hiyo si ndogo: yuniti moja ikiwa Sh25, mzigo mmoja ni Sh100 dhidi ya Sh50.

Lakini akiba hiyo ina shida yake. Mabomba baridi yana mapezi membamba ya bati yaliyosongamana, tena yamelowa maji. Nyuzi zinazoponyoka chujio hunata hapo kama tope, na mwenye mashine hawezi kuyafikia bila kufungua kifuniko au kumwita fundi. Watengenezaji wakabuni hila. Maji yaliyotolewa katika nguo hukusanywa chini ya mashine, pampu huyasukuma juu, nayo hunyunyiziwa kwenye mapezi ili kuziosha nyuzi. Katika mashine nyingine chujio lenyewe huoshwa au kukwanguliwa, na uchafu kuhifadhiwa katika kisanduku kinachomwagwa baada ya mizunguko mingi.

Kwa maelezo, ni hila ya kupendeza. Kwa vitendo, ilijaribiwa hadharani nchini Korea Kusini mwaka 2019. Wateja wa LG walianza kulalamika kwamba mashine walizouziwa kuwa zinajisafisha zilikuwa zimejaa vumbi ndani na kutoa harufu mbaya. Shirika la serikali la kutetea wanunuzi lilichunguza na kugundua kwamba usafishaji ulitegemea kiasi cha maji yaliyokusanyika. Mtu aliyekausha mashati machache hakupata maji ya kutosha, kwa hiyo mzunguko ukaisha bila mapezi kuoshwa. Maji mengine nayo yalibaki chini ya mashine baada ya kazi kwisha.

Kampuni ilikubali kuzirekebisha bure mashine zipatazo milioni 1.45. Aprili 2022 tume ya biashara ya haki ya nchi hiyo iliitoza faini ya Won milioni 390 kwa matangazo yaliyowapotosha wanunuzi, yakiwemo yaliyodai kwamba usafishaji hufanyika kila mara nguo zinapokaushwa.

Kinachofaa kuulizwa dukani, basi, ni sehemu ipi inayojisafisha, kwa maji gani, na uchafu huishia wapi. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo huenda hajui anachouza. Karibu kila mashine ya aina hii bado ina chujio la mlangoni linalopaswa kusafishwa kwa mkono kila baada ya mzunguko, na kijitabu chake husema hivyo, ijapokuwa tangazo halisemi. Ile yenye bomba la kutolea hewa huhitaji bomba hilo likaguliwe pia. Isitoshe, si busara kuiwasha usiku na kwenda kulala, wala kukausha ndani yake matambara yaliyoshika mafuta ya kupikia au petroli, hata yakiwa yamefuliwa.

Kuna swali lingine linalowahusu zaidi wakazi wa sehemu kama Mahoo. Watu wengi husuuza chujio kwa maji ya bomba, na mashine inayojiosha hufanya vivyo hivyo kwa siri. Nguo nyingi za siku hizi, za mitumba na mpya, zimefumwa kwa polista, ambayo ni plastiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na wanasayansi wa Hong Kong ulikadiria kwamba mashine moja inayotoa hewa nje yaweza kurusha hewani hadi nyuzi milioni 120 kwa mwaka. Zile zinazosuuzwa huenda majini, na maji ya Taveta huelekea Mto Lumi, unaomwaga katika Ziwa Jipe lenye wavuvi pande mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania.

Kwa sababu hiyo ni afadhali utando wa chujio uondolewe ukiwa mkavu, kwa vidole au brashi laini, na kutiwa katika pipa la taka. Uliotoka kwa shuka na taulo za pamba tupu waweza kufukiwa kwenye shimo la mboji chini ya migomba, nao utaoza. Wa blanketi za polista hautaoza, na ukitupwa shambani utabaki pale pale mvua hadi mvua.