Omu Hazinyweki

Mpimaji anayetangulia mashine ya kuchimba kisima kule Kasikeu, Makueni, hapimi maji. Anapima ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme usipite. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini asiyeielewa huchangia kisima akitarajia maji, akaambulia chumvi au shimo kavu. Kipimo hicho kina thamani kubwa, ila tarakimu zake peke yake si jibu.

Sehemu nyingi za Makueni na Kitui zimekalia mwamba mkongwe uliogeuzwa kwa joto na mgandamizo, hasa naisi. Mwamba huo ukiwa mzima hauna pa kuhifadhia maji, na ukinzani wake hufika maelfu ya omu-mita, kizio cha kupimia ukinzani wa ardhi. Maji hukaa pale ulipolika au kupasuka, na kwa kuwa yana madini yaliyoyeyuka, hupitisha umeme. Ukinzani hushuka hadi makumi au mamia machache. Ili kuusoma, vigingi vinne vya chuma hupigwa kwenye mstari mmoja: viwili vya nje hupitisha mkondo, viwili vya ndani hupima volteji. Kadiri vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo kipimo kinavyozama chini. Vigingi viwili visingetosha, kwani mahali chuma kinapogusana na udongo mkavu pana ukinzani wake, nao ungeumeza ule unaotafutwa. Voltimita haivuti mkondo wa maana, hivyo kasoro hiyo haiingii katika hesabu. Maabara nazo hutegemea kanuni hiyo. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kuwa zebaki ikipozwa hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani wake hutoweka. Leo, anayechunguza mata za aina hiyo hutumia nyaya nne, maana kwa mbili angekuwa anapima ukinzani wa nyaya zenyewe.

Wapo wasemao kwamba mzee atafutaye maji kwa kijiti hutoza kidogo na maji hupatikana. Huenda yakapatikana, lakini kijiti hakiachi rekodi ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata visima vilivyopimwa hutoka vikavu au vya chumvi. Ni kweli, na sababu iko ndani ya kipimo chenyewe: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na udongo wa mfinyanzi nao hupitisha. Ukinzani mdogo mno basi ni onyo, si habari njema. Tarakimu hupata maana zikisomwa pamoja na nyufa za mwamba na historia ya visima vya jirani.

Nchini Kenya, ripoti ya upimaji hutakiwa kabla ya kibali cha kuchimba. Isiishie kwenye faili. Kabla kikundi kinachochangia kisima hakijalipia mita ya kwanza, kimwulize mpimaji: umejuaje kwamba huu si mfinyanzi, na visima vya jirani vinatoa maji gani? Asiye na majibu hayo ameleta omu tu, na omu hazinyweki.