Mahindi ya Mukuyuni: gorogoro ile ile, sumu haina bei

Katika soko la Mukuyuni, kaunti ya Makueni, kipimo cha kwanza cha mahindi ni meno. Mnunuzi huchota punje chache mdomoni mwa gunia, hutafuna moja na kusikiliza. Ikilia ni kavu. Ikibonyea ni mbichi, na bei hushuka papo hapo. Kipimo hicho kina akili yake, maana mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayafai kuingia ghalani. Ila meno hayaioni aflatoksini, yaani sumukuvu. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 katika bilioni, ambayo ni sawa na gramu moja ya sumu ndani ya tani 100 za nafaka. Hizo ni zaidi ya magunia 1,100 ya kilo 90.

Makueni na Kitui zinaijua sumu hii kwa majina ya marehemu. Mwaka 2004 ndizo zilizoumia zaidi katika mlipuko ulioacha wagonjwa 317 na vifo 125. Watafiti waliozunguka masokoni msimu ule walikusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake katika masoko 65. Asilimia 55 zilivuka sehemu 20 katika bilioni, kiwango cha wakati ule, na asilimia 7 zilivuka 1,000. Tangu hapo sumukuvu imezoeleka kama balaa la ghafla: macho ya manjano, tumbo kujaa, matanga. Ambaye hakufa, biashara humhesabu kuwa mzima.

Sayansi ya kinga ya mwili inaitilia shaka hesabu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu watoto wa Gambia ulionyesha kwamba wenye alama za sumukuvu katika damu walikuwa na upungufu wa kingamwili za IgA katika mate. Hizo ndizo zinazolinda lango la kinywa na utumbo. Miaka miwili baadaye, Ghana, watu wazima wenye alama nyingi zaidi za sumu hiyo walionekana kuwa na seli chache zilizobeba silaha za kuua seli zilizoambukizwa. Na mwaka 2012 zilitoka habari za Makueni kwenyewe: wanafunzi wenye ini lililovimba na kuwa gumu walikuwa na sumukuvu nyingi mwilini kuliko wenzao, katika eneo ambako malaria na kichocho tayari hujulikana kwa kuvimbisha ini na bandama. Katika uchunguzi wa mlipuko wa 2004 nako, virusi vya homa ya ini B vilipatikana zaidi kwa waliougua kuliko kwa majirani zao wazima.

Tafiti hizi zinaonyesha mambo yanayoandamana, na kuandamana si ushahidi wa kusababisha. Mtoto anayelishwa mahindi mabovu mara nyingi ndiye huyo huyo asiye na neti wala maziwa. Hata hivyo, mwenye ghala anayesema hajawahi kuua mteja amejibu swali la 2004, wala si swali la leo.

Mama mmoja anayenunua mahindi ya mavuno ya mvua za vuli na kuyauza kwa jumla hataki kusikia habari za seli. Malalamiko yake ni ya lori. Anasimulia kuwa mzigo wake ulikataliwa kwenye geti la kiwanda cha unga baada ya kijana mmoja kuchomeka bomba la kuchotea sampuli katika magunia machache tu. Matokeo alitajiwa kwa mdomo, bila karatasi. Mkulima alikuwa ameshalipwa taslimu, mwenye lori akadai pesa ya kulala, na mahindi yakarudi njia ile ile yaliyokuja nayo. Kinachomchoma zaidi ni kwamba kabla hajafika nyumbani alikuwa amepigiwa simu na dalali wa chakula cha kuku, ambaye alishajua mzigo umekataliwa na kwa sababu gani.

Kwake yeye, mzigo wote wa sumukuvu umetupwa mgongoni mwa mtu wa katikati. Mkulima hapimwi. Anayeuza kwa gorogoro, kopo la kupimia, hapimwi. Mwenye kisiagi husaga chochote atakachomwagiwa. Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda mnamo Machi 2021, kisha baada ya siku chache ikayafungulia kwa masharti ya cheti, sharti hilo lilikuwa la mpakani. Gunia linalotoka kijiji jirani halidaiwi cheti na mtu. Na hata kipimo chenyewe, anasema, ni bahati nasibu. Hapo ana haki kuliko anavyojua. Sumukuvu haijitandazi sawasawa kama chumvi kwenye maji. Hujikusanya katika punje chache, kwa hiyo bomba likizikosa gunia ni safi, likizigusa gunia zima limeharibika.

Ofisa mmoja wa kilimo ana jibu la asilimia 80. Anazungumzia Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2015 na inayotengenezwa Katumani, Machakos: punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ile ile ya Aspergillus flavus, ila wasiotoa sumu. Hurushwa shambani, kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili kuvu wema wawahi nafasi ya wabaya. Kwa hesabu yake sumu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi, na majaribio ya shambani yanamuunga mkono.

Swali ni asilimia 80 ya ngapi. Mahindi yaliyokuwa yafikie sehemu 40 yatashuka hadi 8 na kupita. Yale ambayo yangefikia 1,000, kama yale ya 2004, yatabaki na 200, mara 20 ya kiwango. Tena tarehe ya kurusha inamtaka mkulima aijue wiki ya maua, katika nchi kavu ambako mvua yenyewe haijulikani itakatika lini. Gharama ni yake. Mnunuzi wa sokoni naye hamwongezi hata shilingi, kwa kuwa gorogoro ya mahindi yaliyotibiwa na ile ya yasiyotibiwa zinafanana kama mapacha. Ofisa huyo alipoulizwa ni ekari ngapi za kata yake zilizorushiwa dawa, alirudi kwenye asilimia 80.

Jikoni kuna kinga ya zamani ambayo hakuna aliyeipigia debe. Kukoboa mahindi kwa ajili ya chakula kiitwacho muthokoi huondoa ganda pamoja na sehemu ya sumu; kipimo kilichochapishwa mwaka 2008 kilipata upungufu wa karibu nusu kwa wastani, ingawa tofauti kati ya sampuli na sampuli ilikuwa kubwa. Kuchemsha hakusaidii sana, sumu hii haiogopi moto. Ila makapi yanayotoka ndiyo yenye sumu zaidi, na makapi hayatupwi. Huenda kwa ng'ombe, na sehemu ya sumu hutokea tena kwenye maziwa. Huenda pia kwa kuku, ambao majaribio yameonyesha chanjo yao ya kideri hudhoofika wakilishwa sumukuvu. Mfugaji anaweza kununua chanjo asubuhi na kuibatilisha jioni kwa pumba ya bei rahisi.

Msimu ujao hautabiriki kirahisi. Mvua ya vuli ikikatika mapema, mahindi yatateseka shambani, na hapo ndipo kuvu hupenda kuingia. Ikichelewa kukatika hadi wakati wa kuvuna, yataingia nyumbani na unyevu, kama ilivyotokea 2004. Mifuko isiyopitisha hewa inauzwa madukani na huzuia kuvu kuendelea kukua, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Wenye viwanda wanaonekana kukaza kamba. Kamba hiyo ikikazwa getini peke yake, mahindi yatatafuta njia nyingine, na njia zipo.

Katika ghala la yule mama, magunia yaliyorudishwa yako kwenye kona ya nyuma, yametiwa alama ya chaki yasichanganyike na mengine. Dalali wa kuku ameshapiga simu mara mbili. Mama hajakataa, anangoja bei yake ipande kidogo.