Tofali Fupi: Kufundisha Udhibiti wa Ubora katika Shule ya Msingi

Mwalimu anapotamka neno "kiwanda" darasani, aghalabu wanafunzi hufikiria jengo kubwa lenye bomba la moshi na mitambo yenye kelele. Picha hiyo si ya uongo, lakini haitoshi. Kiwanda ni mahali ambapo kitu kimoja hutengenezwa mara nyingi kwa utaratibu uliopangwa, ili cha mia kifanane na cha kwanza. Kwa maana hiyo, wanafunzi wanaofyatua matofali ya kujengea ghala la shule wamo kiwandani, nao waweza kufundishwa udhibiti wa ubora, ambao ndio roho ya kazi ya viwanda. Katika makala haya tunakusudia kueleza maana yake, kisha kuonyesha jinsi unavyoweza kufundishwa kwa kalibu, rula na karatasi ya grafu.

Kosa letu wenyewe

Yafaa tuanze na kosa tulilolifanya sisi. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya mazoezi, tuligawa darasa la sita katika makundi matano, kila kundi na kalibu yake. Matofali yalipokauka tukaona yale ya kundi moja ni mafupi kuliko mengine, na ukuta ulikataa kukaa sawa. Tukawakemea watoto wale mbele ya wenzao kwa uzembe, tukawaamuru wafyatue upya. Wakafyatua kwa bidii kubwa, na matofali yakatoka mafupi vile vile. Ndipo msichana mmoja wa kundi hilo alipochukua rula, akapima kalibu yao kwa ndani, akatuonyesha kwamba ilipungua zaidi ya nusu sentimita. Kalibu hiyo ilikuwa imevunjika, na sisi wenyewe ndio tulioigongomelea misumari, ubao wa mwisho ukaingia ndani. Watoto walikuwa wametenda sawasawa na walivyoelekezwa. Chombo tulichowapa ndicho kilichokuwa na kasoro.

Maana ya udhibiti wa ubora

Wengi hudhani kudhibiti ubora ni kumweka mkaguzi mlangoni achague vizuri na kutupa vibaya. Huo ni ukaguzi tu. Tofali baya linapofika kwa mkaguzi, udongo, maji na jasho vimekwisha kutumika. Kudhibiti ubora ni kuichunguza kazi yenyewe ingali inaendelea, ili kibaya kisitengenezwe.

Msingi wa njia hii uliwekwa na Mmarekani Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vyombo vya simu. Tarehe 16 Mei 1924 alimpelekea mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro, ambao ndio chanzo cha chati ya udhibiti. Shewhart alitambua kwamba vitu vinavyotengenezwa hutofautiana kwa namna mbili. Kwanza ziko tofauti za kawaida, zitokanazo na mambo mengi madogo madogo yaliyomo ndani ya kazi yenyewe. Pili ziko tofauti zenye sababu maalumu, zitokeazo pale jambo fulani linapobadilika. Mpishi hawezi kukata maandazi kumi yakalingana kabisa. Hiyo ni tofauti ya kawaida. Lakini karai zima likitoka limeungua, yatupasa kutazama moto. Mwaka 1950 Mmarekani mwingine, W. Edwards Deming, alikwenda Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda njia hizo, nao wakazishika kwa bidii.

Hatua za somo

1. Kuweka kiwango. Darasa liamue tofali kavu liwe na urefu gani, na kosa kiasi gani laweza kuruhusiwa. Tuseme milimita 278, na ruhusa ya milimita 8 juu au chini. Mwalimu aulize kwa nini ruhusa hiyo ni ya lazima. Hapo aweza kutaja Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ambalo huweka viwango vya bidhaa kwa nchi nzima.

2. Kupima. Kila tofali liandikwe tarehe kwa kijiti likiwa bado bichi. Likisha kukauka, kila kundi lichukue matofali manne ya kila siku bila kuchagua yanayopendeza, yaani sampuli. Wanafunzi wawili wapime tofali lile lile mbalimbali. Wakitofautiana, mwalimu atazame kama mmoja wao ameanzia ukingoni mwa rula badala ya kwenye alama ya sifuri.

3. Kuchora chati. Siku zipangwe kwa mlalo, urefu kwa wima, na mstari wa wastani upitishwe katikati.

4. Kusoma chati. Tuchukue mfano. Jumatatu kundi moja limepata milimita 278, 277, 279 na 278. Wastani ni 278. Jumanne limepata 272, 271, 272 na 270. Wastani ni zaidi kidogo ya 271. Mkaguzi angeyapokea matofali yote manane, kwa kuwa hakuna lililoshuka chini ya 270. Lakini chati yapiga kelele: jambo fulani limebadilika kati ya Jumatatu na Jumanne, na lisipotafutwa, matofali ya Jumatano huenda yakakataliwa. Hapa ndipo mwanafunzi anapouona utengano wa ukaguzi na udhibiti kwa macho yake.

5. Kutafuta sababu. Wanafunzi wachunguze udongo, maji, chombo, namna ya kufyatua na mahali pa kuanikia. Pengine Jumanne maji yaliongezwa, kwani udongo wenye maji mengi hunywea zaidi ukikauka. Pengine kalibu imelegea. Mjapani Kaoru Ishikawa aliwafundisha wafanyakazi kupanga sababu kama hizo katika mchoro ufananao na mifupa ya samaki: tatizo huwekwa kichwani, sababu huwekwa mifupani. Watoto huupenda mchoro huo.

Tahadhari mbili

Kwanza, mwalimu asiruhusu kila tofauti ndogo isahihishwe. Mwanafunzi abadilishaye kipimo cha maji kila aonapo tofali limepungua milimita mbili ataongeza tofauti badala ya kuzipunguza. Tofauti za kawaida hupunguzwa kwa kuuboresha utaratibu mzima, kama vile kulipatia kila kundi kalibu imara na kibaba kimoja cha kupimia maji.

Pili, chati isiwe fimbo. Siku watoto watakapoadhibiwa kwa sababu ya chati, wataandika tarakimu za kumpendeza mwalimu, na tangu siku hiyo chati haitafaa kitu. Kipimo cha kweli hupatikana mahali ambapo asemaye ukweli haogopi.

Hitimisho

Somo hili lina faida kwa hesabu, kwa sayansi na kwa kazi za mikono. Hata hivyo, faida yake kubwa ni ya mwalimu mwenyewe. Darasa zima linapokosa swali moja la hesabu, hatuna budi kujiuliza kama kalibu tuliyowapa ilikuwa nzima: je, maelezo yetu yalieleweka? Zana zilitosha? Msichana yule alitufunza kupima kalibu kabla ya kumkemea mfyatuaji.

Maswali ya majadiliano

1. Taja kazi nyingine tatu za mikono shuleni zinazoweza kuchorewa chati.
2. Kwa nini sampuli isichaguliwe na kundi lililofyatua kwa kutazama uzuri?
3. Andaa somo la dakika 40 kuhusu hatua ya pili, ukieleza zana utakazotumia.