Laini Mbili, Mpenzi Mmoja?

Shosti, ukikuta simu ya mumeo ina laini mbili usikimbilie kununa. Kwanza muulize laini ya pili aliisajili mwaka gani.

Ushindani wa kampuni za simu ndio uliotufikisha hapa. Vodacom ilileta M-Pesa nchini mwaka 2008, Tigo ikajibu kwa Tigo Pesa mwaka 2010, na kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali. Mume yuko Tabora mjini, mke kabaki Urambo kwenye tumbaku: ilibidi mtu awe na laini ya mtandao wa mwenzake. Hapo laini ya pili ilikuwa mapenzi kabisa! Enzi za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka pwani alimwacha mkewe miezi bila habari. Huyu wa leo anatuma hela ya sabuni chai haijapoa.

Lakini mitandao ilianza kutumiana pesa mwaka 2014, Vodacom ikaingia 2016, na tangu 2017 unahama kampuni na namba yako ileile. Tigo yenyewe imekuwa Yas tangu 2024. Kwa hiyo kile kisingizio cha bei nafuu kimechakaa. Kama laini ya pili imesajiliwa juzi, na anaizima akikaribia nyumbani, hapo kampuni za simu hazihusiki. Muulize ya nini, kabla hujaanza kupekua meseji.