Zitambue Siku za Kushika Mimba: Hesabu Huanza Siku ya Kwanza ya Hedhi

Wapo wanandoa wanaongoja mtoto kwa miaka, na wapo wanaopata ujauzito wasioutarajia ilhali mtoto aliyetangulia angali mgongoni. Makundi haya mawili yana swali moja: ni siku zipi hasa ambazo mwanamke anaweza kushika mimba? Jibu lake si gumu, ila limezungukwa na hesabu nyingi zisizo sahihi.

Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu siku damu inapokatika. Anayetokwa damu kwa siku 5 na kuanza hesabu baada ya hapo hupishana na ukweli kwa siku 5 nzima. Tofauti hiyo yatosha kuleta mimba isiyopangwa, au kumkosesha mimba anayeitafuta.

Mzunguko wa hedhi

Siku ya 1 ya mzunguko ni siku damu inapoanza kutoka. Mzunguko huisha siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Kwa wanawake wengi huchukua kati ya siku 21 na 35, wala si lazima uwe 28. Katikati ya safari hiyo yai hupevuka na kutoka kwenye ovari. Likishatoka, huishi kati ya saa 12 na 24 tu. Mbegu za mwanamume, kwa upande wake, zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa sababu hiyo, siku za kushika mimba ni kama 6 katika kila mzunguko: 5 zinazotangulia kutoka kwa yai na siku yenyewe linapotoka.

Yai hutoka lini? Kwa kawaida ni takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, wala si siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 hukaribia kutoa yai siku ya 14, na siku zake za kushika mimba ni ya 9 hadi ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35 hulitoa karibu na siku ya 21. Mwenye mzunguko wa siku 24 hulitoa karibu na siku ya 10, hivyo siku zake huanza yapata ya 5, pengine damu ikiwa haijakatika. Ndiyo maana kauli kwamba mwanamke hawezi kushika mimba akiwa katika hedhi si ya kutegemewa.

Njia za kuzitambua

Njia ya kwanza ni kalenda. Mwanamke huandika urefu wa mizunguko yake kwa muda usiopungua miezi 6. Katika mzunguko mfupi kuliko yote hutoa 18, na katika mrefu kuliko yote hutoa 11. Kwa mfano, ikiwa mfupi ni siku 25 na mrefu ni siku 31, basi 25 kutoa 18 ni 7, na 31 kutoa 11 ni 20. Siku za kuzingatia ni ya 7 hadi ya 20. Kwa yule ambaye mizunguko yake huwa kati ya siku 26 na 32, ipo hesabu nyepesi zaidi: siku ya 8 hadi ya 19. Hesabu hizi huonesha siku nyingi kuliko 6 kwa sababu yai halitoki tarehe ileile kila mwezi.

Njia ya pili ni kuchunguza ute wa ukeni. Baada ya hedhi, wengi huwa wakavu kwa siku chache. Yai linapokaribia kutoka, ute huongezeka, huwa mwangavu, huteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Yai likishatoka, ute huwa mzito au hutoweka. Ute wenye harufu mbaya au unaoambatana na muwasho si dalili ya rutuba. Huenda ni maambukizi yanayohitaji matibabu.

Njia ya tatu ni kupima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani. Baada ya yai kutoka, joto hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi, na kubaki juu hadi hedhi ijayo. Kipimo hiki huthibitisha kuwa yai limekwisha kutoka, hakibashiri litakapotoka.

Kwa anayetafuta mtoto

Wanandoa wanaotafuta mtoto hushauriwa kukutana kila siku au kila baada ya siku moja katika siku hizo, hasa ute unapovutika. Mwaka 1 ukipita bila mafanikio, au miezi 6 ikiwa mke ametimiza umri wa miaka 35, yafaa waende kituo cha afya wote wawili. Chanzo chaweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote. Kumlaumu mke kabla mume hajapimwa ni kumwonea, na huchelewesha tiba.

Kwa anayepanga uzazi

Anayekwepa mimba hujizuia au hutumia kondomu siku zote za kuzingatia, kwa makubaliano ya wenzi wote. Njia ya siku ya 8 hadi ya 19 ikifuatwa kikamilifu, wanawake wapatao 5 kati ya 100 hushika mimba katika mwaka wa kwanza. Ikifuatwa kwa mazoea ya kawaida, hufikia 12. Kuhesabu siku hakukingi virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya ngono.

Kalenda haimfai mwenye mizunguko inayobadilikabadilika, aliyejifungua karibuni, wala aliyeacha sindano au vidonge hivi karibuni. Anayenyonyesha akumbuke kuwa yai laweza kutoka kabla ya hedhi yake ya kwanza. Ugonjwa, safari na msongo wa mawazo navyo vyaweza kulichelewesha.

Ushauri wa uzazi wa mpango hutolewa bila malipo katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma. Mwenye mzunguko ulio chini ya siku 21 au zaidi ya 35, anayetokwa damu zaidi ya siku 7, au anayeona damu katikati ya mwezi, asisubiri. Aende na daftari lenye tarehe za hedhi zake, na ikiwezekana aandamane na mwenzi wake. Tarehe hizo humsaidia mtoa huduma kujua pa kuanzia.