Robo ya Nini?

Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanajua kutoa sehemu. Waandikie ubaoni 2/3 − 1/4, watatafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS), watapata 12, watageuza ziwe 8/12 na 3/12, na jibu la 5/12 litatoka kabla hujaweka chaki chini. Igeuze hesabu hiyo hiyo iwe fumbo, kalamu zinasimama. Naamini kinachowashinda hapo ni kusoma, kutoa wanakuweza.

Jirani yangu muuza vitumbua hajui KDS, lakini hutoa sehemu kila siku. Akiwa na kilo mbili na nusu za mchele, akaroweka robo tatu, hahitaji karatasi. Husema, "Mbili na nusu ni robo kumi. Toa robo tatu, zimebaki robo saba." Yaani kilo moja na robo tatu. KDS ndiyo hiyo: nusu aliigeuza robo kwanza, ndipo akatoa.

Tabu yenyewe iko kwenye maneno "ya kilichobaki". Baba ana shilingi 60,000. Analipa deni la dukani kwa 1/3, kisha ananunua dawa kwa 1/4 ya kilichobaki. Amebakiwa na ngapi? Mtoto mwenye haraka hutoa 1/3 na 1/4 kwenye fedha yote, akapata 5/12, yaani 25,000. Sivyo. Deni limekula 20,000, zikabaki 40,000. Robo ya hizo ni 10,000. Baba ana 30,000 mkononi, nusu kamili ya fedha zake.

Kwenye mirathi ya Kiislamu mambo ni kinyume, na huko kosa humdhulumu mtu. Mume amefariki, baba yake alishatangulia. Ameacha mama, mke, na watoto wa kiume na wa kike. Madeni na wasia vikishatolewa, mke ana thumni, 1/8, na mama ana sudusi, 1/6, na zote mbili ni sehemu za mali nzima. Tuseme mali ni minazi 24. Mke anapata 3, mama 4. Ukitoa 3/24 na 4/24 kwenye 24/24, inabaki 17/24: minazi 17 ya watoto, kila wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Sasa mgawaji asiyesoma vizuri ampe mke mitatu yake, kisha amkatie mama sudusi ya ile 21 iliyobaki. Mama ataambulia mitatu na nusu. Bibi wa watu kapunjwa, na hesabu ya kutoa haikuwa na kosa hata moja!

Kwa hiyo mzazi, mwanao akileta mafumbo jioni, usimkimbizie KDS. Mwambie apigie mstari kila sehemu aliyoikuta, aandike pembeni ni sehemu ya nini, ndipo aanze kutoa. Akikwama, mpe maharage 24 ayagawe mezani.