Waya za meno: hesabu safari kabla ya bei

Mfanyabiashara wa Namakwekwe, Mbale, ambaye meno ya mwanawe yamepishana huuliza kwanza bei ya waya. Gharama inayomshtua baadaye ni nauli. Waya hukaa kinywani kwa takriban miaka 2, na hukazwa kila baada ya wiki 4 hadi 8. Kama daktari yuko Kampala, ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu, mara 13 hata 26. Anayevuka Malaba kila wiki kufuata mzigo anaweza kupima pia upande wa Kenya.

Lakini si kila daktari wa meno ni bingwa wa kuyapanga. Jina lithibitishwe kwenye rejesta ya baraza la madaktari, la Uganda au la Kenya. Tena aulizwe: waya ikikatika mtoto akiwa shuleni, nani ataitengeneza? Je, bei inajumuisha kifaa cha kuyashikilia meno baada ya waya kutolewa? Bila hicho meno huanza kurudi yalikotoka.

Vile vya plastiki angavu huvuliwa wakati wa kula, ila lazima vikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Kwa mtoto wa bweni asiye na wa kumsimamia, heri waya.